Urani ya Musonoi: libwe lililozaliwa kwa mgongano wa nyota

Kwenye madepo ya Musompo, mzigo ukifika mezani kwa mnunuzi kinachotafutwa ni namba mbili tu: shaba asilimia ngapi, kobalti asilimia ngapi. Metorex inasoma, bei inatajwa, na mabishano yanaanza. Hakuna anayeuliza lile jiwe, ao libwe kama tunavyosema huku, lilikuwa wapi kabla ya kulala chini ya ardhi ya Kolwezi. Watoto wetu ndio wanauliza, na mara nyingi tunawajibu kwamba Mungu aliliweka pale. Leo tunajibu kwa njia ya wataalamu wa anga, na tunafuata chuma kimoja ambacho hakuna depo inayokitaka: urani.

Musonoi tunaijua kama mgodi, kama mto, na kama cité ya wafanyakazi pembeni ya Kolwezi. Kule Ulaya na Marekani, watu wa makumbusho na wakusanyaji wa mawe wanaijua kwa sababu nyingine. Kuko madini ambayo yalitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Musonoi: demesmaekerite na guilleminite mwaka 1965, marthozite mwaka 1969, oosterboschite mwaka 1970, derriksite mwaka 1971. Kolwezite ikafuata mwaka 1980. Mengi kati ya majina hayo ni ya wakubwa na wanajiolojia wa Union Minière du Haut-Katanga. Kolwezite imebeba jina la mji. La mchimbaji aliyeyatoa chini hakuna hata moja.

Ndani ya mawe hayo mna nini? Demesmaekerite, ya kijani kama chupa, ina risasi, shaba, urani na seleni. Guilleminite, ya njano kali, ina bari, urani na seleni. Oosterboschite haina urani, ila ina paladi, chuma cha bei kubwa ambacho viwanda vya magari vinakitafuta sana. Tena kuko cuprosklodowskite, sindano za kijani zinazopendeza macho, ambazo zile za Musonoi zinahesabiwa kati ya nzuri kuliko zote duniani. Nayo ni urani na shaba.

Wengi wanafikiri urani inatengenezwa chini ya ardhi kwa joto na muda mrefu. Hapana. Joto na maji ya chini yanaweza kuisafirisha, kuikusanya na kuichanganya na shaba, na hiyo ndiyo kazi iliyofanyika katika miamba ya Katanga zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Lakini atomu zenyewe zilifika zikiwa tayari. Dunia ilipoanza, miaka kama bilioni 4.5 iliyopita, zilikuwa ndani yake.

Tunalijua hilo kwa hesabu. Urani iko ya aina mbili kubwa, 235 na 238, na zote mbili zinapungua polepole zenyewe. Nusu ya 238 inaisha kwa miaka bilioni 4.5 hivi, nusu ya 235 inaisha haraka zaidi, kwa miaka milioni 700 hivi. Leo katika kila atomu 1,000 za urani, 7 tu ni za aina ya 235. Rudisha hesabu nyuma mpaka siku za kwanza za Dunia, utakuta 235 ilikuwa karibu robo ya urani yote. Ni kama kuingia nyumba yenye mishumaa miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba: ukiangalia umebaki urefu gani, unajua iliwashwa lini. Urani yetu iliwashwa kabla ya Dunia kuwepo.

Nyota iliyokufa

Nyota ni jiko. Ndani yake vitu vyepesi vinaunganishwa kuwa vizito: hidrojeni inakuwa heli, heli inakuwa kaboni na oksijeni, na katika nyota kubwa kazi inaendelea mpaka chuma. Hapo jiko linazimika, maana kuunganisha vizito kuliko chuma hakutoi joto, kunalila. Nyota kubwa ikifika hapo, kiini chake kinajiangukia kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, na sehemu za nje zinalipuka. Mlipuko huo unaitwa supanova. Kobalti yetu ilitokana zaidi na milipuko ya nyota, na shaba ilipikwa kwa sehemu kubwa ndani ya nyota kubwa kabla hazijalipuka. Kwa hiyo utajiri wa Lualaba unaosomwa na Metorex ni kazi ya nyota zilizokufa kifo cha kawaida.

Kinachobaki katikati baada ya mlipuko mara nyingine ni nyota ya nyutroni. Ina uzito kupita wa Jua, lakini upana wake ni kama kilomita 20 tu. Ingeweza kukaa juu ya Kolwezi na vitongoji vyake. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kina uzito unaozidi tani bilioni moja. Wale wanaojua foleni ya Kasumbalesa wafikirie malori milioni 25, kila moja na tani 40, yote ndani ya kijiko.

Nyota nyingi zinazaliwa mbili mbili, zinazungukana. Zikifa zote mbili, zinaweza kubaki nyota mbili za nyutroni zinazoendelea kuzungukana gizani. Albert Einstein alisema mwaka 1916 kwamba vitu vizito vikizunguka hivyo vinatikisa nafasi yenyewe, kama jiwe linavyotikisa maji ya ziwa, na hayo ndiyo tunayoita mawimbi ya mvutano. Mawimbi yanachukua nguvu, nyota zinakaribiana, na siku moja zinagongana. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua jozi ya namna hiyo. Vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha kwamba zinakaribiana kwa kipimo kile kile cha Einstein, na wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Lakini mgongano wenyewe hakuna aliyekuwa ameuona.

Bomu, halafu mianga isiyojulikana

Hapa historia inapita tena Katanga, kwa njia ya kusikitisha. Sehemu kubwa ya urani ya mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na bomu la kwanza likaangushwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8, 1945. Miaka 18 baadaye, mwaka 1963, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti walitia sahihi mkataba wa kutojaribu mabomu hayo hewani, baharini wala angani. Marekani haikuwa na imani na mwenzake. Ikarusha satelaiti za Vela, kazi yake kuchungulia kama kuna anayelipua bomu kwa siri, kwa sababu bomu la atomiki linatoa miali ya gama, mwanga wenye nguvu kuliko yote na ambao jicho haliuoni.

Tarehe 2 mwezi wa 7, 1967, satelaiti hizo zilipata mwako wa miali ya gama. Haukutoka duniani. Ikaja mingine na mingine, kutoka pande zote za mbingu. Habari ilikaa ndani ya maofisi ya jeshi na maabara mpaka mwaka 1973 ndipo ikatangazwa. Kumbe kila siku, kwa wastani, mahali fulani kunatokea mlipuko wa miali ya gama: mmoja unadumu chini ya sekunde mbili, mwingine dakika nzima au zaidi. Kwa karibu miaka thelathini hakuna aliyejua kama inatoka karibu ao mbali sana. Walibishana kama watu wanaosikia ngurumo usiku bila kuona umeme.

Kazi ya Malindi

Wasomaji wetu wa Kivu na Katanga wanaojua pwani ya Kenya kwa biashara labda wamepita Malindi bila kujua. Kaskazini kidogo ya mji, huko Ngomeni, kuko minara ya chuma iliyosimama ndani ya bahari. Hiyo ni San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia satelaiti. Walichagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa Dunia unaisukuma roketi zaidi.

Tarehe 12 mwezi wa 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliondoka pale na satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta miali ya eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyeongoza mradi, alitaka iitwe kwa neno la Kiswahili kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Jina ni Uhuru. Mpaka leo katika vitabu vya anga, kwa Kiingereza, Kijapani ao Kirusi, neno hilo liko pale. Na haikuwa jina tu. Uhuru ilionyesha kwamba nyota fulani, Centaurus X-3, inapiga eksirei kila baada ya sekunde 4.8 kama moyo, na kwamba inazunguka na mwenzake. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya jirani. Riccardo Giacconi, aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Siku hizi hakuna roketi inayorushwa pale, lakini antena za Malindi zinaendelea kusikiliza. Satelaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa kutoka Marekani mwaka 1996, ilikuwa inateremsha habari zake Malindi. Tarehe 28 mwezi wa 2, 1997, BeppoSAX ilipata mlipuko wa miali ya gama, ikageuzwa haraka, na kwa mara ya kwanza ikaona kaa la moto lililobaki nyuma. Mahali pakajulikana, darubini za ardhini zikaelekezwa. Katika miezi michache ubishi ukaisha: milipuko hiyo iko mbali sana, katika galaksi nyingine, mamilioni na mabilioni ya miaka ya nuru. Habari iliyomaliza ubishi wa miaka thelathini ilishukia pwani ya Waswahili.

Satelaiti ya Swift, iliyorushwa mwezi wa 11, 2004, nayo ilipewa Malindi kama kituo chake cha kuteremshia habari. Tarehe 9 mwezi wa 5, 2005 ndiyo iliyopata kwa mara ya kwanza kaa la mlipuko mfupi, wa chini ya sekunde moja, kando ya galaksi ya zamani isiyozaa tena nyota kubwa. Hapo wataalamu wakaanza kusema kwa sauti: milipuko mirefu ni nyota kubwa zinazokufa, mifupi ni nyota za nyutroni zinazogongana. Walihitaji ushahidi.

Alhamisi tarehe 17, mwezi wa 8, 2017

Ilikuwa saa nane na dakika 41 mchana kwa saa za Kolwezi. Mawimbi ya mvutano yalipita ndani ya Dunia nzima, ndani ya mashimo ya Musonoi na ndani ya kila mmoja wetu, na hakuna aliyehisi kitu. Vyombo vitatu vilikuwa vimewashwa: viwili vya LIGO huko Marekani, na Virgo karibu na Pisa, Italia. Kila chombo cha LIGO kina mabomba mawili ya kilomita nne nne yaliyoungana kama herufi L, na miali ya leza inakwenda na kurudi ndani yake kupima urefu. Wimbi likipita, urefu unabadilika kwa kiasi kidogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni.

Miaka miwili kabla, mwaka 2015, LIGO ilikuwa imesikia mashimo meusi mawili yakiungana. Ishara ile ilidumu chini ya sekunde moja. Hii ya 2017 ilidumu kama sekunde 100. Nyota mbili, kwa jumla uzito wa Jua mara 2.74, zilikuwa zinamaliza mizunguko yao ya mwisho, haraka na haraka zaidi. Kwa watu wa redio jambo hili ni tamu: mitetemo hiyo iko kwenye kipimo ambacho sikio la mtu linasikia. Ukiigeuza kuwa sauti, ni mngurumo wa chini unaopanda kuwa mluzi, halafu kimya.

Sekunde 1.7 baada ya kimya hicho, satelaiti ya Fermi ilipata mlipuko mfupi wa miali ya gama. INTEGRAL ya Ulaya nayo ikauona. Ushahidi uliotafutwa tangu Vela ulikuwa umekuja, na kwa safari ya miaka milioni 130 tofauti ilikuwa chini ya sekunde mbili, maana yake mawimbi ya mvutano yanakwenda kwa mwendo wa mwanga.

Sasa ilibidi kutafuta mahali. Vyombo vitatu vilifinya eneo mpaka likawa upana wa zaidi ya mwezi mpevu mia moja. Karibu saa 11 baada ya mgongano, giza lilipoingia Chile, darubini ya Swope, yenye kioo cha mita moja tu, iliona nukta mpya ya mwanga kwenye galaksi NGC 4993, katika kundi la nyota la Hydra. Afrika haikulala. H.E.S.S. ya Namibia ilikuwa imeelekeza vioo vyake upande huo saa tano hivi baada ya tukio, kutafuta miali ya gama yenye nguvu zaidi, ikakuta kimya. SALT ya Sutherland, Afrika Kusini, ilipima mwanga ule jioni ya kesho yake, na baadaye antena za MeerKAT zikashiriki kufuata redio iliyotoka pale kwa miezi.

Nuru hiyo iliondoka miaka milioni 130 iliyopita. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, kule Lindi, Tanzania, ilikuwa imeshazikwa.

Metorex ya mbinguni

Metorex inapiga jiwe kwa eksirei, na kila chuma kinajibu kwa mwanga wake mwenyewe: shaba haijibu kama kobalti. Darubini zinafanya karibu vilevile, ila moto unawashwa na nyota. Mwanga wa NGC 4993 ulianza bluu, na ndani ya siku chache ukawa mwekundu na kufifia. Ndivyo hesabu zilivyokuwa zimetabiri kwa wingu lililojaa vyuma vizito vilivyotoka kuzaliwa. Jina la mwako huo ni kilonova.

Siri iko katika nyutroni. Nyota mbili zinapopasuana, kiasi kidogo cha mwili wao kinarushwa nje, nacho kimejaa nyutroni kupita kiasi. Katika sekunde moja hivi, mbegu za atomu zinameza nyutroni moja baada ya nyingine kabla hazijapata muda wa kuoza, zinavimba, halafu zinatulia kuwa vyuma vizito: dhahabu, platini, urani. Makadirio ya wingu lile ni karibu asilimia tano ya uzito wa Jua, na dhahabu peke yake ilizidi uzito wa Dunia mara kadhaa. Mwaka 2019 watafiti waliosoma tena vipimo walitambua kwa jina chuma kimoja, stronti. Mwaka 2023, baada ya mlipuko wa tarehe 7 mwezi wa 3, darubini ya James Webb ilipata dalili ya teluri kwenye kilonova nyingine. Mlipuko ule ulikuwa mrefu, kwa hiyo mgawanyo wa mfupi na mrefu si safi kama tulivyofundishwa.

Urani yenyewe haijaonwa ikizaliwa. Tunaijua kwa sababu inatengenezwa kwa njia ile ile na dhahabu. Na wataalamu bado wanabishana kama migongano peke yake inatosha. Mwaka 2025 kikundi kimoja kilionyesha kwamba mlipuko wa nyota ya nyutroni yenye sumaku kali, uliopimwa mwezi wa 12, 2004, nao ulitengeneza vyuma vizito. Supanova za aina fulani adimu zinatajwa pia. Kwa maoni yetu mgongano ndio wenye ushahidi mwingi, lakini usishangae ukisikia kwamba libwe la Musonoi lina wazazi zaidi ya wawili.

Likiwa ndani ya nyumba

Mshumaa wa urani bado unawaka, na hili si jambo la anga. Jiwe lenye urani linatoa miali usiku na mchana, miali ya gama ikiwemo, na gesi ya radoni ambayo haina harufu wala rangi. Mwezi wa 11, 2018, kampuni ya KCC hapa Kolwezi ilisimamisha kwa muda mauzo ya kobalti yake kwa sababu kiwango cha urani kilikuwa juu. Kampuni iko na maabara. Mchimbaji wa mikono, yule tunayemwita creuseur, anabeba mfuko mgongoni na kuuweka chini ya kitanda usiibiwe.

Kwa hiyo, ndugu, ukikuta jiwe lenye unga ao sindano za njano kali, ao kijani chenye kung'aa, usiseme hii ni malakiti nzuri nimpelekee mtoto achezee. Malakiti ni kijani pia, na macho peke yake hayatoshi kuzitofautisha. Usilisage ndani, usililaze chumbani, usile bila kunawa baada ya kulishika, na nguo za shimoni zisifuliwe pamoja na za watoto. Hatari kubwa iko kwenye vumbi unalovuta na gesi inayojikusanya mahali pasipo na hewa: shimo refu, depo iliyofungwa, chumba kisicho na dirisha. Fungua madirisha.